Jina la Mtoro na Ukurasa wa Tongoni

Mwaka 1903 kilichapishwa Göttingen, Ujerumani, kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli. Ndani yake mna arusi, unyago, pepo, madeni na hukumu za watu wa Mrima, yote kwa Kiswahili cha watu walioyaishi mambo hayo. Jina lililotangulizwa ni la Carl Velten, mhariri. Lakini sehemu kubwa ya maneno yale ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekuwa akifundisha Kiswahili mjini Berlin. Ilibidi tungoje hadi 1981, ilipotoka tafsiri ya Kiingereza ya J.W.T. Allen, ndipo jina la Mtoro likawekwa mbele. Ni miaka 78. Muda wote huo wasomi walikuwa wakimnukuu “Velten”, kana kwamba Mjerumani yule ndiye aliyetiwa jandoni Bagamoyo.

Linganisha na Habari za Wakilindi, kitabu kilichochapwa kwa sehemu na wamisionari wa UMCA kati ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Mwandishi wake, Abdallah bin Hemedi, anajulikana kwa jina, na inajulikana kuwa aliishi karibu na watawala anaowasimulia. Kwa hiyo mwanahistoria kama Steven Feierman, alipoandika juu ya ufalme wa Washambaa mwaka 1974, aliweza kumpima: hapa anawatetea mabwana zake, hapa anasimulia alichokiona. Msimulizi asiye na jina hapimiki hivyo.

Nayasema haya kwa sababu ya jambo la leo. Tovuti nyingi zinazoeleza historia ya Tanga, Pangani na Bagamoyo, ziwe za utalii, za ofisi za umma au za vikundi vya vijana, zimejaa aya zilizotolewa nzima nzima katika Wikipedia, kamusi elezo huru, bila hata neno moja la kusema zimetoka wapi. Kuchukua si kosa. Leseni ya Creative Commons inayotumika huko inamruhusu yeyote kunakili, kubadili, kutafsiri, hata kuuza. Ila huru si bwerere. Mchukuaji anatakiwa awataje waandishi, na kiungo cha kwenda kwenye ukurasa wa asili kinatosha kwa hilo. Aitaje leseni yenyewe. Aseme kama amebadilisha kitu. Na maandishi aliyoyajenga juu ya yale ayatoe kwa masharti yaleyale. Kuweka chini ya ukurasa “haki zote zimehifadhiwa” juu ya aya za namna hiyo ni kujimilikisha shamba la ujima.

Wapo wanaharakati wanaoniambia kwamba masharti haya ni sheria za wageni, na kwamba maarifa ya pwani yalikuwa ya wote. Yalikuwa ya wote, lakini hayakuwa bila majina. Katika madarasa ya pwani hadithi ya Mtume haipokewi bila isnadi, yaani nani aliipokea kwa nani. Washairi wa tenzi nao wana desturi ya kujitaja katika beti za mwisho. Sheria yetu wenyewe ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inaitambua haki ya mtunzi kutajwa. Ugeni uko wapi?

Hata hivyo adabu kwa waandishi si hoja yangu kubwa. Hoja ni kwamba ukurasa wa kamusi elezo hubadilika, na nakala iliyokatwa kiungo haibadiliki. Chukua magofu ya Tongoni, kusini mwa Tanga, yenye msikiti na makaburi ya nguzo. Swali la nani waliijenga miji kama ile limejibiwa kwa namna tofauti ndani ya nusu karne tu. Neville Chittick, mchimbaji wa Kilwa, aliuona mchango wa wageni kuwa mkubwa. Derek Nurse na Thomas Spear, katika kitabu chao cha 1985, walisisitiza mizizi ya Kiafrika ya lugha na jamii. Kisha Machi 2023 jarida la Nature likachapisha utafiti wa vinasaba vya mifupa ya kale kutoka makaburi ya pwani ya Kenya na Tanzania, ukionyesha mchanganyiko ulioanza takriban mwaka 1000: upande wa kike wa Kiafrika kwa wingi, upande wa kiume wenye asili kubwa ya Uajemi. Mjadala haujafungwa. Aliyenakili aya mwaka 2015 bila tarehe wala kiungo anawapa wasomaji wake jibu la zamani kana kwamba ni la jana.

Kuna na mzunguko mbaya zaidi. Mhariri wa kamusi elezo anatafuta ushahidi wa sentensi fulani, anaikuta katika tovuti ya ofisi, anaitaja kuwa chanzo. Kumbe ofisi ilichota kwake. Kosa linajishuhudia lenyewe, na mwanafunzi wangu analileta darasani likiwa na mashahidi wawili.

Kwa mtumishi wa umma aliyepewa kazi ya kuandika historia ya wilaya, hakuna haja ya mwanasheria. Chini ya aya aandike hivi: “Sehemu ya maandishi haya imetoka katika makala ya Wikipedia ya Kiswahili kuhusu Tongoni, kama ilivyosomeka tarehe fulani, tumeifupisha, yanapatikana kwa leseni ya CC BY-SA 4.0”, na jina la makala na la leseni yawe viungo. Picha azikague moja moja, maana kila picha ina leseni yake na mpigaji wake, na nembo ya Wikipedia haimo katika ruhusa hiyo.