Julius wa Upareni

Jina langu ni Julius, mzaliwa wa Suji, na huku milimani tupo wengi wa jina hili tuliozaliwa miaka ya sitini. Baba alikuwa Msabato, kwa hiyo hakulitoa kwenye kalenda ya watakatifu. Alilichukua kwa Nyerere. Januari 1945, akiwa kijana, aliteremka Same pamoja na maelfu ya Wapare kupinga kodi mpya iliyopimwa kwa mali ya mtu, vuguvugu lile la Mbiru, wakapiga kambi bomani. TANU, chama cha Nyerere, ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, ilimkuta baba amekwisha kuonja kudai haki.

Na Julai yenyewe ni mwezi wa Julius. Warumi waliuita Quintilis hadi mwaka 44 kabla ya Kristo, walipoubadili kumheshimu Julius Caesar aliyezaliwa mwezi huo.

Mpare hapaswi kuona ugeni katika majina ya Warumi wale. Kwao Julius halikuwa jina la kumchagulia mtoto. Lilikuwa jina la ukoo, kama Mbwambo, Mshana au Mchome kwetu. Yule mtawala jina lake hasa lilikuwa Gaius. Julius ni ukoo, Caesar ni tawi la ukoo. Dada zake wawili wote waliitwa Julia, mkubwa na mdogo. Ukoo huo ulijinasibisha na Iulus, mwana wa Aeneas wa Troya, na kupitia kwake na Venus, mungu wao wa kike. Fahari kubwa! Lakini lililolieneza jina si fahari hiyo. Mtumwa aliyeachwa huru alichukua jina la ukoo wa bwana wake, na mgeni aliyepewa uraia mara nyingi alichukua la aliyempatia. Likasambaa hivyo hadi mbali na Roma. Katika Matendo 27, akida anayemsafirisha Paulo baharini anaitwa Yulio, na anamtendea kwa wema.

Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922. Kwanza aliitwa Mugendi, kisha Kambarage, jina la mzimu wa mvua wa Wazanaki. Alipobatizwa Desemba 1943, akiwa mtu mzima, ndipo akawa Julius. Kambarage hakulitupa, alikwenda nalo hadi Ikulu.

Hapo ndipo ninapoona uzuri wa jina hili kwetu: lilitufikia likiwa bega kwa bega na jina la nyumbani. Baba alifuata njia hiyohiyo. Nilipewa pia jina la babu mzaa baba, la Kichasu, lugha yetu Wapare, na mama hakuniita kwa jingine mpaka anafariki.

Wewe unayemtafutia mwanao jina sasa, ukichagua Julius umechagua vyema. Nakuomba tu, siku ya kuandikisha cheti cha kuzaliwa, liandikishe pamoja na la babu yake.