Sanamu Zilipewa Handaki

Wapo watu waliowahi kujenga nyumba kwa makusudi ya kuibomoa. Wala si kibanda cha makuti, la hasha! Ilikuwa nyumba ya ghorofa, ya mbao, imepakwa rangi nyeupe ikapendeza, katikati ya jangwa la Nevada, Marekani. Ndani wakawekwa baba, mama na watoto. Usishtuke ndugu msomaji. Walikuwa sanamu, zile za kuvalishwa nguo madukani.

Alfajiri ya Machi 17, 1953, bomu la atomiki lilipuliwa juu ya mnara wa mita 90 hivi. Nguvu yake ilikuwa kilotani 16, yaani kama tani 16,000 za baruti, karibu sawa na lile la Hiroshima. Nyumba hiyo, iliyokuwa kama kilomita moja kutoka kwenye mnara, ilisambaratika kwa sekunde mbili na kitu. Nyingine, iliyojengwa zaidi ya kilomita mbili, ilibaki imesimama ila madirisha yalikwisha. Televisheni iliuonyesha mlipuko ule moja kwa moja.

Kumbe sanamu zilizokuwa zimejibanza kwenye chumba cha chini, ndani ya vibanda imara vya mbao, zilitoka salama! Wakubwa wakafurahi. Chimbeni bwana, mtapona! Juni 24, 1957 wakajaribu tena kwa bomu la kilotani 37. Majengo ya zege yaliyokuwa wazi juu ya ardhi yakapondeka, mahandaki yaliyofukiwa yakastahimili. Safari hii wakatumia hata nguruwe, mamia kwa mamia. Hao nao wana pumzi kama sisi, lakini nani wa kuwauliza?

Hesabu yenyewe si uongo. Kila sentimeta 9 hivi za udongo ulioshindiliwa hupunguza mionzi ya vumbi la bomu kwa nusu. Weka sentimeta 90, itapenya sehemu moja tu kati ya elfu. Tena mionzi hiyo hufifia: baada ya saa 7 hubaki sehemu ya kumi, baada ya wiki mbili sehemu ya elfu. Ndiyo maana wananchi waliambiwa waweke akiba ya chakula na maji ya wiki mbili.

Lakini jamani, sanamu haioni kiu. Sanamu haisikii jirani akigonga mlango aingie na wanawe watano. Kilichopimwa pale ni ukuta. Mtu hakupimwa.

Tena hebu tuwatazame watu wenyewe. Mei 19, 1953, miezi miwili tu baada ya ile nyumba nyeupe, bomu lingine la kilotani 32 lilipuliwa Nevada. Upepo ukalichukua vumbi hadi mji wa St. George, jimbo la Utah, zaidi ya kilomita 200. Wakazi wakaambiwa eti wajifungie ndani kwa saa kadhaa, basi. Sanamu walichimbiwa handaki, watu wakapewa mlango wa kufunga! Ilipofika 1990 ndipo Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuwaomba radhi na kuwalipa fidia waliougua.

Na wakati huo bomu lenyewe halikusubiri handaki. Machi 1, 1954 huko Bikini, kwenye Bahari ya Pasifiki, Marekani ililipua bomu la megatani 15, mara elfu moja ya lile la Hiroshima. Majivu yakawaangukia watu wa kisiwa cha Rongelap, zaidi ya kilomita 100. Mbele ya mnyama huyo, kibanda cha mbao kitafaa nini?

Hata hivyo, Julai 1961 Rais Kennedy alisimama kwenye televisheni akahimiza mahandaki. Simlaumu mzazi aliyechukua sepeto akachimba uani kwake. Mfa maji haachi kutapatapa. Ninaowalaumu ni wale waliomfanya aamini kwamba sepeto yake ndiyo jibu. Agosti 5, 1963 yalitiwa saini makubaliano kule Moscow ya kukomesha majaribio ya hewani. Vumbi la Nevada lilipungua kwa sababu ya kalamu ile. Kinga ya kweli dhidi ya bomu ni kutolilipua, na hiyo haichimbwi kwa sepeto.