Senti Tano za Robinson Avenue

Mita ya kwanza ya maegesho duniani ilianza kazi tarehe 16 Julai 1935, kwenye kona ya First Street na Robinson Avenue, mjini Oklahoma City. Dereva alitumbukiza senti 5, akapata saa moja. Muda ukiisha, askari aliona papo hapo nani amepitiliza.

Aliyeibuni ni Carl Magee, mhariri wa gazeti aliyehamia huko kutoka New Mexico, ambako aliwahi kusaidia kufichua kashfa ya rushwa ya Teapot Dome. Wafanyabiashara wa mji walimkabidhi kero yao: waajiriwa wa katikati ya mji waliegesha asubuhi na kuondoka jioni, wateja wakazunguka bila kupata pa kusimama. Magee akawaendea wahandisi wawili wa chuo cha Oklahoma A&M, Holger Thuesen na Gerald Hale, na wao wakakiunda chombo chenyewe.

Mita zilifungwa upande mmoja tu wa mtaa. Wenye maduka ya ng'ambo wakawa wanatazama magari yakija na kuondoka mbele ya wenzao, na haukupita muda wakadai za kwao. Hapo ndipo somo lote lilipo. Barabara haikupanuliwa hata shubiri moja, wala nyumba haikubomolewa. Kilichobadilika ni muda ambao mtu alikubali kuishikilia nafasi ya umma.

Laiti Marekani ingeshika njia hiyo! Mita zilienea, lakini kando yake ilikua kanuni nyingine, ambayo Columbus, Ohio, iliitumia tangu 1923 kwa majengo ya kupangisha: ukijenga, sharti utenge maegesho. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kanuni hiyo ilibana maduka, ofisi, hata makanisa. Gari moja, ukihesabu na njia ya kupitia, hula kama mita za mraba 30. Donald Shoup wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alionyesha katika kitabu chake cha 2005 kwamba maegesho yaitwayo ya bure hulipiwa ndani ya kodi ya nyumba na bei ya bidhaa. Asiye na gari naye hulipa, na dhuluma hiyo haiandikwi kwenye risiti yoyote.

Oklahoma City yenyewe iliumia vibaya. Tramu zake zilisimama 1947. Mwaka 1964 msanifu I. M. Pei aliuchorea mji kitovu kipya, na mamia ya majengo yakabomolewa kukipisha. Jumba la sinema la Criterion liliondoka 1973. Hoteli ya Biltmore ikalipuliwa kwa baruti 1977. Mengi yaliyoahidiwa hayakujengwa, na viwanja vitupu vikaegeshwa magari. Husemwa kwamba Wamarekani wanapenda tu magari. Sikubali. Mtu akishaondolewa tramu, na duka la jirani likageuzwa uwanja wa lami, amebakiziwa chaguo gani?

Tramu ilirudi Desemba 2018, kwa reli mpya kabisa. Wakazi ndio walioilipia, kwa kodi ya mauzo ya senti 1 katika kila dola, waliyoipigia kura 2009.