Injini Mpya, Rejeta ya Zamani: Kahistoria Kafupi ka Gari Kuchemsha

Kimya kilikuwa kirefu, lakini si mnajua tena, test na semina zilifuatana kama siafu. Leo naomba tuweke pembeni Vita vya Majimaji na Mkutano wa Berlin, tuzungumzie historia ya magari. Usikimbie hata kama hujawahi kushika spana. Hata mimi fani yangu ni ualimu wa Historia na Kiswahili, gereji naisikia tu.

Habari yenyewe ni hii. Baba mdogo ana Land Rover Series III ile ndefu, 109, anabeba vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni kupandisha Iringa. Aliyepita barabara hiyo anaujua Mlima Kitonga. Injini yake ya petroli, cc 2,286, imechoka kabisa. Amepata 1HZ ya mtumba, ile dizeli ya Land Cruiser ya silinda sita, cc 4,164, na hela aliyonayo inatosha injini na kufunga basi. Rejeta anataka ibaki ileile. Akanipigia: "Wewe msomi, unaonaje?" Ada za wadogo zangu wawili zinatoka kwenye hiyo gari, kwa hiyo sikuona sababu ya kujibu kwa utani. Nikajibu kwa kitu ninachosomea, yaani historia.

Na historia inasema hivi: tunapenda kusimulia magari kwa injini zake, nani alitengeneza kubwa, nani alikimbia zaidi. Lakini kila mara watu walipotaka nguvu zaidi, walilazimika kwanza kujibu swali moja: joto litatokea wapi? Kwa hesabu ya jumla, theluthi moja ya joto la mafuta ndiyo inafanya kazi ya kusukuma gari, theluthi inatoka na moshi, na theluthi nyingine inaingia kwenye maji. Ukiongeza injini, umeongeza na hiyo theluthi ya maji.

Tuanze Ujerumani. Agosti 1888 Bertha Benz alichukua gari la mumewe, Carl, akaondoka na watoto wao wawili wa kiume kutoka Mannheim kwenda Pforzheim, safari ya kilomita 100 na kidogo. Gari lile lilikuwa halina rejeta kama tunayoijua. Maji yalichemka na kupotea kama mvuke, ndiyo ilikuwa njia ya kupoza! Kwa hiyo mama wa watu kila alipopata maji njiani alijaza. Injini ilikuwa ndogo sana, ndiyo maana mambo yaliwezekana.

Basi, mwaka 1900 Emil Jellinek akaagiza kwa kampuni ya Daimler gari la nguvu za farasi 35. Mhandisi wake, Wilhelm Maybach, asingeweza kubeba pipa la maji kwa nguvu ile. Akabuni rejeta ya mtindo wa sega la nyuki: mirija midogo zaidi ya 8,000, upepo unapita ndani ya mirija, maji yanazunguka katikati yake, na feni nyuma inasaidia gari likienda polepole. Maji ya kubeba yakapungua karibu nusu. Gari hilo la 1901 likaitwa Mercedes, jina la binti wa Jellinek. Watu wanakumbuka jina, wachache wanakumbuka sega. Mimi naona bila sega hata jina lisingefika mbali.

Marekani nako, Ford Model T ilipotoka 1908, magari kama 2,500 ya mwanzo yalikuwa na wotapampu. Baadaye Ford akaiondoa. Maji ya moto yalipanda yenyewe juu ya rejeta, yakipoa yanashuka na kurudi kwenye injini. Kwa injini ya nguvu za farasi 20 mfumo ulitosha, ingawa maduka yalipata biashara ya kuwauzia wenye Ford pampu za kuongezea. Somo hapo ni kwamba mfumo wa kupoza haukuwa mzuri au mbaya wenyewe. Ulitoshea injini yake.

Sasa twende kwenye mfano unaomhusu baba mdogo moja kwa moja: Uingereza, miaka ya 1960. Kampuni ya Rootes ilikuwa na gari dogo zuri, Sunbeam Alpine, injini ya lita 1.6. Soko la Marekani lilitaka nguvu. Mwaka 1963 Carroll Shelby, yule wa Cobra, akapewa kazi ya kuingiza V8 ya Ford ya lita 4.3. Ikaingia! Gari likatoka 1964 kwa jina la Sunbeam Tiger. Lakini iliingia kwa kubanwa: ukuta wa nyuma ya injini uligongwa nyundo kupata nafasi, na plagi moja ulifikiwa kupitia tundu lililo upande wa ndani ya gari. Usukani ulibadilishwa mfumo. Na rejeta ya Alpine haikubaki, ikawekwa ya mtindo mwingine ambayo maji yanapita upande kwa upande badala ya juu kwenda chini.

Hata hivyo Tiger ikajipatia sifa ya kuchemsha kwenye foleni. Kwa sababu gani? Rejeta siyo kila kitu. Upepo ukishapita kwenye rejeta lazima upate pa kutokea, na boneti ilikuwa imejaa chuma mpaka pembeni. Wenye magari hayo mpaka leo wanabadilisha feni, wanafunga kava la kuzunguka feni, wengine wanatoboa boneti. Zilitengenezwa Tiger kama 7,000 hivi mpaka 1967. Chrysler alipoichukua Rootes hakuwa na V8 yake ya kuingia pale, hadithi ikaishia hapo.

Ukichukua masomo hayo, orodha ya baba mdogo inajiandika yenyewe. Rejeta ichaguliwe kwa injini inayoingia, siyo kwa gari linalopokea. Injini ya silinda sita ni ndefu, kwa hiyo apime nafasi inayobaki kati ya feni na rejeta kabla hajatoa hata shilingi. Kava la feni lisiachwe gereji, maana bila hilo feni inazungusha hewa ileile ya moto, hasa Kitonga ukiwa gia ya pili na upepo wa mbele hakuna. Midomo ya rejeta ilingane na mipira ya injini, upana na upande, siyo kuunga kwa bati na klipu.

Themostati isitolewe. Najua mafundi wengi wanaitupa, lakini kwenye injini nyingi za Toyota ndiyo inafunga njia ya mkato. Ukiitoa, sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta.

Na kifuniko jamani! Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji yaliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kifuniko cha presha ya 0.9 kinaongeza kama nyuzi 20 juu ya hapo. Lakini ukikiweka kwenye rejeta ya zamani, iliyotengenezwa kwa presha ndogo na viungo vimechoka, utapasua viungo.

Kwa hiyo nilimwambia hivi: baba, kama hela inatosha injini peke yake, basi haijatosha injini. Ama utafute injini ndogo zaidi na rejeta yake kamili, feni na kava vikiwa pamoja, ama usubiri msimu mmoja wa vitunguu uongeze. Aliguna, akasema fundi wake ana maneno matamu kuliko yangu. Nikamwambia Rootes walikuwa na kiwanda kizima na Shelby juu, na bado Tiger ilichemsha.

Bado hajaamua, muuzaji amempa mpaka mwisho wa mwezi. Watu wa Physics na wale mliokulia gereji, kama kuna kifaa nimekisahau nitajieni mapema, nimfikishie kabla hajalipa. Nawakilisha.