Msamaha wa Mwenye Heri Anuarite: Fundisho kwa Jamaa Zetu



Siku ya jubilei tunahesabu wabatizwa, ndoa na makanisa yaliyojengwa. Ni vema. Lakini inafaa kukumbuka pia namna Wakristu waliotutangulia walivyoshinda chuki, maana parokia yaweza kuwa na kanisa zuri la matofali, na huku mioyo ya waamini imetengana.

Mwaka 1964 nchi yetu iligawanyika kwa vita ya Wasimba. Mtu alimwogopa jirani yake. Tarehe 24 Novemba askari wa Ubelgiji waliteremka Stanleyville, mji unaoitwa leo Kisangani, na hasira ya waasi ikazidi. Tarehe 26 Askofu Joseph Wittebols wa Wamba aliuawa. Siku tatu baadaye waasi walifika Bafwabaka, kwenye nyumba ya masista wa Jamaa Takatifu, wakawapandisha katika kamiyo.

Kati yao alikuwamo Sista Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta, aliyezaliwa mwaka 1939 katika sehemu za Wamba, na kuweka nadhiri zake za kwanza mwaka 1959. Hakuwa mkubwa wa shirika. Alifundisha watoto na kutunza sakristia. Tangu utoto alijua uchungu wa jamaa iliyogawanyika, kwani baba yake alimwacha mama yake kwa kukosa mtoto mwanaume. Katika daftari yake aliandika kusudi la maisha yake: kuwatumikia watu wote na kuwafurahisha.

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba, huko Isiro, Koloneli Olombe alitaka kumchukua kwa nguvu. Alikataa, akapigwa sana. Katika mateso hayo alimwambia kwamba anamsamehe, kwa sababu hajui analolitenda. Ndipo akachomwa, akapigwa risasi.

Tarehe 15 Agosti 1985, mjini Kinshasa, wakati nchi ilipoitwa Zaire, Papa Yoane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwenye Heri. Naye pia alimsamehe yule mwuaji kwa jina la Kanisa lote.

Tuangalie vema: Anuarite alisamehe, lakini hakukubali uovu. Tena msamaha ule haukuzaliwa usiku mmoja. Ulikomaa polepole darasani na sakristiani, katika kuwavumilia watoto na masista wenzake kila siku.

Basi, mume na mke wasiosemezana, ndugu wanaogombania shamba la marehemu baba yao, watu wa makabila mawili wanaopokea Komunyo moja bila kusalimiana mlangoni: wasingojee siku kubwa ili kupatana. Waanze leo kwa salamu, kwa neno la upole, kwa kuomba radhi. Asiyezoea kusamehe kosa dogo, atawezaje kusamehe kubwa?

Mwenye Heri Anuarite, utuombee.