AARP: Kadi ya Wazee Marekani, Inalipa au Hailipi?

Marekani, mtu akikaribia miaka 50, bahasha hufika nyumbani. Ndani kuna barua ya kumkaribisha AARP. Wengine hucheka, wengine huudhika kuitwa wazee mapema. Lakini swali ni lile lile: alipe ada au aitupe barua?

AARP ni nini?

Ni chama kikubwa cha watu wa miaka 50 na kuendelea, chenye wanachama wapatao milioni 38. Kilianzishwa mwaka 1958 na Ethel Percy Andrus, mwalimu mkuu mstaafu wa California. Mwaka 1947 alikuwa ameshaanzisha chama cha walimu wastaafu, kwa sababu kampuni za bima hazikutaka kuwakatia bima ya afya watu wa umri huo. Medicare, bima ya serikali kwa wenye miaka 65, ilikuwa bado haijazaliwa. Ilipitishwa mwaka 1965.

Kwa hiyo bima ndiyo iliyozaa chama hiki. Na mpaka leo, bima ndiyo mahali pa kufungua macho.

Ada na diskaunti

Ada ni kama dola 20 kwa mwaka. Mume, mke au mtu mzima mwingine wa nyumba hiyo hiyo anaongezwa bure. Mwaka wa kwanza huwa nafuu kwa anayekubali kukatwa pesa moja kwa moja kwenye kadi ya benki, na hapo ndipo watu husahau: miaka inapita, pesa zinakatwa, kadi iko kwenye droo.

Hesabu ya diskaunti ni rahisi. Mgahawa wa Outback Steakhouse kwa miaka mingi umewapunguzia wanachama asilimia 10 ya bei ya chakula. Bili ya dola 60 inapungua dola 6. Ukila hapo mara nne kwa mwaka, ada imerudi. Usipokula hapo, haijarudi. Hoteli na magari ya kukodi ni hivyo hivyo, ila hoteli nyingi zina punguzo lao la wazee ambalo halihitaji kadi ya chama chochote. Kuuliza kaunta ni bure.

Vya bure hata bila kadi

Hili wengi hawalijui. Huduma ya Tax-Aide, ambapo watu wa kujitolea wanasaidia kujaza fomu za kodi, haidai uanachama. Simu ya msaada kwa waliotapeliwa, ya Fraud Watch Network, nayo iko wazi kwa kila mtu. Kama ni hizo tu mtu anazotaka, abaki na dola zake.

Pesa kubwa iko kwenye bima

AARP yenyewe si kampuni ya bima. Inaikodisha jina lake UnitedHealthcare, nayo hulipwa kwa jina hilo kutumika. Mapato ya namna hiyo ni makubwa kuliko ada zote za wanachama. Si siri wala si kosa la kisheria, lakini mzee anayeona jina la chama chake kwenye karatasi ya bima asidhani chama kimemtafutia bei ya chini kuliko zote sokoni.

Medicare ya kawaida hailipi gharama zote, ndiyo maana wengi hununua bima ya nyongeza iitwayo Medigap. Bima hizi zimepewa herufi, na karibu majimbo yote sheria inataka herufi moja iwe na mafao yale yale kwa kila kampuni. Plan G ya kampuni hii inalipia kilekile inacholipia Plan G ya kampuni ile. Tofauti ni bei, na jinsi bei itakavyopanda umri ukisonga. Tofauti ya dola 30 kwa mwezi ni dola 360 kwa mwaka, na mbele yake ile ada ya dola 20 ni senti.

Kununua Medigap yenye jina la AARP lazima uwe mwanachama. Medicare Advantage yenye jina hilo haidai uanachama, kwa hiyo asije wakala akamwambia mtu vinginevyo.

Kuna muda wa kuchunga: miezi 6 tangu mtu wa miaka 65 au zaidi aanze Medicare Part B. Ndani ya muda huo, kampuni haiwezi kumkataa kwa sababu ya kisukari au presha. Ukipita, katika majimbo mengi inaweza kumkataa au kumpandishia bei.

Na siasa?

AARP hushawishi Bunge. Mwaka 2003 iliunga mkono sheria ya dawa za Medicare, na makumi ya maelfu ya wanachama wakarudisha kadi. Iliiunga mkono pia sheria ya afya ya Obama mwaka 2010, wengine wakaondoka. Wenye mrengo wa kihafidhina wana chama chao, AMAC, kilichoanza mwaka 2007. Anayechukia msimamo wa chama asikilipie ada kwa ajili ya kupunguziwa bei ya nyama choma.

Kwa waliohamia Marekani

Wakenya, Watanzania na Wakongomani walioleta wazazi wao huko wajue kwamba kadi ya AARP si Medicare na haimtibu mtu. Mzazi mwenye green card ambaye hajafanya kazi Marekani kwa kawaida husubiri miaka 5 ya kuishi humo mfululizo ndipo ajiandikishe Medicare, tena kwa kulipia.

Kabla ya kusaini bima yoyote, kila jimbo lina washauri wa bure wa mpango uitwao SHIP. Wao hawauzi bima. Mzee awapelekee bei tatu za herufi moja, wamlinganishie.