Thenashara Taifa na Mnara wa Mbaraki: Nasaba na Mahali katika Historia ya Mombasa

Upande wa kusini-magharibi wa kisiwa cha Mombasa, mahali paitwapo Mbaraki, juu ya hori la bahari lichomozalo kutoka Kilindini, umesimama mnara wa mawe ya matumbawe ulio wazi ndani. Umezungukwa leo na shughuli za bandari, maghala na malori. Karibu nao upo msikiti mdogo uliojengwa upya penye magofu ya msikiti wa kale. Hamo Sassoon, aliyekuwa msimamizi wa makumbusho ya Ngome ya Yesu, alipachimba mahali hapo na kuchapisha matokeo yake mwaka 1982. Msikiti wa kwanza huhesabiwa kuwa wa karne ya 15. Mnara ni wa baadaye, nao waonekana katika ramani ya Wareno ya mwaka 1728. Wako wasemao kuwa ni makao ya pepo, na kwa hakika ubani na marashi yamepelekwa hapo kwa miaka mingi. Lakini mapokeo mengine hudai kuwa ni kaburi la mkubwa mmoja wa Wachangamwe.

Kwa madhumuni ya makala haya, swali la nani aliyezikwa ni dogo. Lililo kubwa ni kwamba aliyedhaniwa kuzikwa alitajwa kwa Uchangamwe wake. Changamwe iko bara, ng'ambo ya maji ya Kilindini, wala si Mbaraki. Kwa nini basi kaburi la kisiwani lipewe jina la mji wa ng'ambo?

Wachangamwe ni mojawapo ya Thelatha Taifa, pamoja na Wakilindini na Watangana. Wenzao ni Tisa Taifa: Wamvita, Wajomvu, Wamtwapa, Wakilifi, Wapate, Wafaza, Washaka, Wagunya na Wakatwa. Jumla yao ndio Thenashara Taifa, wenyeji wa Mombasa. Yafaa msomaji asipotezwe na neno taifa. Katika Kiswahili cha siku hizi taifa ni Kenya au Tanzania, lenye bendera na wimbo wake. Katika matumizi ya kale ya Mombasa, kama ilivyo katika asili yake ya Kiarabu, ni kundi la watu walioshikamana. Taifa hilohilo liliitwa pia mji. Kwa hiyo mtu aliweza kuwa wa mji wa Kilifi naye amezaliwa Mombasa, na baba yake na babu yake vilevile, na hakuna aliyeona kuwa pana kinyume chochote.

Orodha hii ya majina kumi na mawili, ikisomwa kwa utulivu, ni ramani. Jomvu na Changamwe ni jirani za kisiwa. Mtwapa na Kilifi ni pwani ya kaskazini. Shaka ilikuwa karibu na mlango wa mto Tana. Pate na Faza ziko katika visiwa vya Lamu, na Wagunya ni watu wa huko na wa mwambao unaoendelea kaskazini. Baadhi ya miji hiyo ilikwisha kufa kitambo. Mtwapa ya kale ni magofu. Watu wake walipohama hawakuacha jina nyuma. Walilichukua kama mtu achukuavyo Msahafu na vyombo vya nyumba, wakalitua Mombasa, na likawa ndilo nasaba yao mbele ya majirani.

Haina maana kwamba damu haikuhesabiwa. Ndani ya kila taifa zilikuwamo mbari, na mbari zilikuwa na shajara zake, nyingine zikivuka bahari mpaka Shirazi au Bara Arabu. Shajara hizo aghalabu hutaja baba kwa baba. Hata hivyo mapokeo ya mji wenyewe humweka mwanamke mwanzoni: Mwana Mkisi, aliyetawala kabla ya Shehe Mvita. Wanahistoria wengi hupita upesi juu ya jambo hili, kana kwamba ni pambo la hadithi. Lastahili uzito zaidi, maana ladokeza kuwa watu wa Mombasa wenyewe hawakuona aibu kukiri kwamba mji ulikuwapo kabla ya mgeni kufika.

Lugha nayo yashuhudia. Kimvita hufundishwa kama lahaja moja, lakini H. E. Lambert alichapisha mwaka 1958 maelezo ya Kijomvu na Kingare, vilahaja viwili vya eneo hilohilo la Mombasa, na Kingare ndicho kilichonasibishwa na watu wa Kilindini. Kisiwa kidogo hivi, na bado sikio la mwenyeji liliweza kutambua msemaji ni wa upande gani. Siasa pia zilifuata mipaka hiyo. Kila ushirika ulikuwa na kiongozi wake, tamimu, na marafiki wake bara: Thelatha Taifa waliegemea Wadigo, Tisa Taifa wakaegemea Wagiriama na jamaa zao wa kaskazini. Ugomvi baina ya pande hizi mbili ulimfaa Sayyid Said bin Sultan, aliyewaondoa Mazrui katika utawala wa Mombasa mwaka 1837.

Mambo yaligeuka chini ya Waingereza, waliotawala tangu 1895. Serikali yao haikuwa na safu ya kuandikia mtu wa mji wa Kilindini. Ilikuwa na safu ya Mwarabu na safu ya mwenyeji, na kati ya hizo ilimbidi kila mmoja achague au achaguliwe. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 ilitaka mdai athibitishe milki yake mbele ya mahakama, na ardhi isiyothibitishwa ikawa ya Taji. Watu waliomiliki kwa pamoja, kwa jina la taifa, walijikuta katika hali ngumu wakati uleule ambapo ardhi ya Kilindini na Mbaraki, kwa sababu ya reli na bandari, ilipanda thamani. Kisha katika miaka ya 1920 Waarabu walipewa haki ya kumchagua mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, na Thenashara Taifa hawakuhesabiwa miongoni mwao. Waliunda chama chao mwaka 1927, wakaandika maombi, wakatoa shajara.

Ni vyema hapa kutazama mbali kidogo, maana jambo hili halikuwa la Mombasa peke yake. Katika majimbo ya kusini ya Marekani, ambako familia kuu hujivunia jimbo na ukoo kwa pamoja, bunge la Virginia lilipitisha mwaka 1924 sheria iliyomtaka kila mtu aandikishwe kwa rangi yake, na iliyomnyima jina la mzungu yeyote mwenye damu nyingine. Ila waheshimiwa wa Virginia walikuwa wakijigamba kuwa ni wajukuu wa Pocahontas, binti wa Kihindi Mwekundu aliyeolewa na John Rolfe mwaka 1614. Ikabidi sheria itoboe tundu: sehemu moja ya kumi na sita ya damu hiyo ilisamehewa. Weusi hawakupata tundu lolote. Mahakama Kuu ya Marekani iliibatilisha sheria hiyo ya ndoa na damu mwaka 1967.

Kufanana kwa mambo haya kusitiwe chumvi. Mombasa haikujua ukatili wa Virginia. Lakini ufundi ni mmoja. Dola ikishafungamanisha kura, kodi na shamba na asili ya mtu, basi asili hukoma kuwa kumbukumbu ikawa ushahidi wa mahakamani, na kila mmoja huikata ienee kipimo kilichowekwa. Wako waliowalaumu Thenashara Taifa kwa kujiita Waarabu, wakaona ni kujikana. Lawama hiyo ni nyepesi mno. Mtu aulizwaye swali lenye majibu mawili, na shamba lake likiwa rehani, hana nafasi ya kueleza kuwa jibu lake ni la tatu. Kisa hiki kimesimuliwa kwa ndani na Hyder Kindy katika kitabu chake cha 1972 juu ya maisha na siasa za Mombasa, na kwa utafiti mpana na A. I. Salim mwaka 1973.

Baada ya uhuru wa 1963 faida ya Uarabu iliondoka, na swali likarudi kwa sura nyingine: je, Mswahili yupo? Miongoni mwa waliolijibu bila kusita alikuwa Shihabuddin Chiraghdin, mwalimu na mtaalamu wa Mombasa aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki 1976. Upande wa baba asili yake ilikuwa Punjab. Shajara ya serikali ya kikoloni ingemweka Mhindi. Mji ulimweka Mswahili, naye akaandika kama Mswahili. Historia ya Kiswahili, aliyoiandika pamoja na Mathias Mnyampala, ilichapishwa mwaka 1977, waandishi wote wawili wakiwa wamekwisha kufariki.